Kutoka mapeni matatu hadi betri ya kukodi: sheria ya barabarani humpata nani?

Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo jitilie chai.

Kila baada ya miezi michache tunarudi palepale. Video ya boda inazunguka, labda wamemzingira dereva, labda wamechoma gari la mtu baada ya ajali, na kabla ya jioni mtandao umeshagawanyika. Upande mmoja unasema fungia hawa watu, wamekuwa serikali ndani ya serikali. Upande wa pili unasema mwache kijana atafute unga. Wiki inaisha, tunasahau, mpaka video nyingine.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, na muhula huu nimejikuta nikisoma historia ya usafiri wa Nairobi kuliko nilivyopanga. Sheria ya uzi ni ileile ya siku zote: hakuna mwanasiasa atakayetajwa jina, hakuna chama. Ukitaja kwenye maoni nitafuta. Jina likishaingia hapa hakuna anayesoma tena, kila mtu anaanza kutetea kwao.

Hoja yangu ni hii. Pande zote mbili hubishana juu ya mtu mmoja tu, yule aliyeshika usukani. Lakini kila chombo cha abiria kina watu watatu: aliyekifungulia mlango kiingie barabarani, anayekimiliki, na anayekiendesha. Ukifuata sheria zetu za karibu miaka tisini, mara nyingi sana kofi humwangukia huyo wa tatu. Sasa pikipiki za stima zimekuja, na kwa mara ya kwanza kuna nafasi hesabu hiyo ibadilike. Au iwe mbaya zaidi. Twende.

Tuanze 1934. Kampuni ya London iitwayo Overseas Motor Transport inaleta Nairobi mabasi 13. Hiyo ndiyo Kenya Bus Service, KBS, ile ambayo wazazi wetu bado huiongelea kama mchumba wa zamani. Jiji la wakati huo lilikuwa limegawanywa kwa rangi: Mzungu huku magharibi kwenye miti, Mwafrika Eastlands, tena akiwa na kipande na kazi ya kumfanya aonekane mjini. Mabasi yalipangiwa jiji hilo dogo lenye mipaka.

Uhuru ukaja, vizuizi vya kuhamia mjini vikaondoka, na watu wakaja kweli. Mwaka 1966 Baraza la Jiji likachukua asilimia 25 ya hisa za KBS, na kampuni ikapewa haki ya kubeba abiria wa jiji peke yake. Hebu shika hapo: aliyetoa ruhusa ndiye pia mwenye hisa. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi, wa basi moja, ratiba moja na jiji linalopata chake. Ila mitaa mipya iliyokuwa ikichipuka pembeni, mingi bila lami, haikuwa kwenye mpango wa mtu.

Pengo hilo likazibwa na watu wenye magari yao, mengine makuukuu ya kufungwa kwa waya. Nauli ilikuwa senti 30, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi, na jina likabaki. Kisheria hazikutakiwa kuwepo. Ziliitwa teksi za maharamia, polisi wakizikimbiza na abiria wakizificha. Hiyo tabia ya abiria kumwambia askari “huyu ni mjomba, ametupa tu lifti” ni ya zamani kuliko mama yangu.

Halafu 1973. Rais wa wakati huo akatoa tamko kwamba matatu zinaweza kubeba abiria wa kulipa bila kuhitaji leseni ya Bodi ya Leseni za Uchukuzi, ile TLB. Lilikuwa tamko tu, halikuanzia bungeni. Siku moja wewe ni haramia, kesho yake wewe ni mfanyabiashara mzalendo.

Wengi husimulia tamko hili kama ushindi wa mnyonge, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mtu wa mtaani alipata gari na kijana alipata kazi. Lakini angalia lilivyofanya kazi. KBS iliendelea kufungwa na njia zake na ratiba: basi likiwa na watu watatu saa nne asubuhi, linaenda tu. Matatu haikufungwa hivyo. Inaweza kungoja ijae, kukata njia katikati, kupandisha nauli mvua ikinyesha. Unawaweka wawili hao kwenye barabara moja halafu unashangaa nani alikufa.

Na kuna kipande ambacho huwa hakitajwi. Miaka miwili kabla ya hapo, 1971, tume iliyochunguza utumishi wa umma ilikuwa imependekeza watumishi waruhusiwe kuwa na biashara zao binafsi, na serikali ikakubali. Weka mambo hayo mawili pamoja. Umefungua biashara isiyohitaji leseni, na umemruhusu anayesimamia biashara awe mfanyabiashara. Tangu hapo, afisa anayesimamisha matatu barabarani hawezi kuwa na uhakika kwamba si ya mkubwa wake. Lakini makanga ana uhakika naye. Makanga hana mkubwa.

Mwaka 1984 sheria ya trafiki ikabadilishwa, matatu zikatambuliwa rasmi kama magari ya abiria, na ukaguzi na leseni vikarudi. Miaka kumi na moja baada ya mlango kufunguliwa ndipo tunatafuta bawabu. Mwaka 1986 serikali ikajaribu kuwa mwenye gari yenyewe kwa mabasi ya Nyayo, nauli nafuu, vijana wa NYS wakiwa kazini. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamekwisha, yameoza kwenye yadi. KBS nayo ilinunuliwa na Stagecoach ya Uingereza mwaka 1991, na Waingereza wakauza wakaondoka 1998. Wazee wakisema “zamani tulikuwa na mabasi,” hiyo ndiyo zamani yenyewe na hivyo ndivyo ilivyoisha.

Sasa 2004, mwaka ambao kila mjadala wa nidhamu barabarani huishia.

Kanuni zilitangazwa Oktoba 2003 na zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Watu bado huziita kwa jina la waziri aliyezileta, nanyi mnamjua. Vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila kiti, hakuna kusimama ndani, mstari wa manjano ubavuni, dereva sare ya bluu, kondakta sare ya maruni, beji yenye picha. Siku za kwanza matatu nyingi hazikuonekana na watu wakatembea kwa miguu kutoka Eastlands hadi mjini, na wengi wao waliunga mkono wakiwa wanatembea. Hiyo ni nadra sana katika siasa zetu, mwananchi kuumia na kupiga makofi kwa wakati mmoja.

Nakubali zilifanya kazi, angalau kwa muda. Lakini ukizisoma utaona kitu. Masharti ya vyuma, yaani mkanda na kidhibiti, yalimgusa mwenye gari mara moja, alilipa akamaliza. Masharti ya sare na beji yalimfuata mfanyakazi kila siku ya maisha yake. Kondakta asiye na sare ni kosa linaloonekana kutoka mita mia. Mwenye gari anayemdai dereva pesa ya siku ile hesabu isiyopungua, iwe mvua au foleni, huyo haonekani. Na hiyo hesabu ndiyo injini ya fujo yote. Dere hapandi ukingo wa barabara kwa sababu alizaliwa na wazimu. Anapanda kwa sababu kuna kiasi lazima kifike jioni ndipo yeye aanze kuhesabu chake, na hapo katikati kuna mafuta, kuna steji, kuna kitu kidogo cha kila kizuizi.

Serikali ililijua hilo. Kanuni za mwaka 2014 za NTSA, mamlaka iliyochukua nafasi ya TLB, zilitaka kila gari liwe chini ya Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na zikataka dereva na kondakta wawe na mkataba na mshahara wa mwezi. Soma tena: mshahara wa mwezi. Sasa muulize dere wako kesho asubuhi anapokea mshahara tarehe ngapi. Utasikia atakavyocheka. Sehemu ya Sacco ilitekelezwa, ndiyo maana kila matatu ina jina la Sacco ubavuni. Sehemu ya mshahara imelala kwenye kitabu.

Desemba 2018 kaunti ilipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji. Ilianza tarehe 3, watu wakatembea, wazee na wagonjwa na wenye mizigo, na tarehe 4 marufuku ikasimamishwa. Mwaka huohuo Barabara ya Thika ilipakwa mistari myekundu ya njia za mabasi ya mwendo kasi. Rangi ilitangulia, mabasi tukaambiwa yanakuja.

Nimekaa sana kwa matatu kwa sababu ukiielewa hiyo, ya boda ni marudio tu.

Boda ilianza kama baiskeli kule Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, kuvusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa miaka mingi ilibaki mambo ya Magharibi na Nyanza. Kilichoigeuza kuwa jeshi la nchi nzima ni mstari mmoja wa bajeti: mwaka 2008 pikipiki zisizozidi 250cc ziliondolewa VAT. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, vijana wengi hawakuwa na kazi, na pikipiki ilionekana dawa ya haraka. Ndani ya miaka michache pikipiki mpya zinazosajiliwa zikawa nyingi kuliko magari mapya.

Ni 1973 tena, safari hii kwa njia ya ushuru. Mlango ulifunguliwa kabla ya kuuliza nani atawafunza hawa vijana, watasimama wapi, akianguka nani atalipa hospitali. Waliofaidika mapema kabisa ni waagizaji, wauzaji na wakopeshaji wa lipa mdogo mdogo. Sisemi ni dhambi kuuza pikipiki. Nasema hao hutawaona kwenye video yoyote.

Bawabu akaja baadaye kama kawaida. Mabadiliko ya sheria ya trafiki ya 2012 yalileta helmeti, jaketi la reflekta na abiria mmoja. Kila moja ya hayo ni sahihi na kila moja ni jukumu la aliye juu ya kiti. Na vifo si mchezo, tusijifanye. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa kwenye barabara za Kenya, wengi wakiwa waenda kwa miguu, halafu watu wa pikipiki na abiria wao. Anayesema “waache tu” aende kwanza wodi ya mifupa ya hospitali yoyote ya rufaa, ahesabu vitanda.

Machi 2022 dereva mmoja mwanamke alishambuliwa na kundi la waendeshaji boda karibu na Forest Road, video ikaenea, na nchi ikakasirika, kwa haki kabisa. Amri ikatoka ya msako nchi nzima. Pikipiki zikarundikwa kwenye vituo vya polisi, za waliokosa na za waliokuwa wanapeleka mtoto shule. Siku chache baadaye msako ukasitishwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kura za boda zinahesabika. Wiki zilezile ambazo boda alikuwa mhalifu wa taifa, alikuwa pia anatafutwa kwa mkutano wa hadhara na kujaziwa mafuta.

Kilichofuata ni Mswada wa Usafiri wa Umma wa Pikipiki wa 2023 uliopelekwa Seneti: bodi za usalama katika kaunti, mafunzo, kila mwendeshaji awe mwanachama wa chama chake. Kuna mazuri mle, hasa mafunzo. Lakini uzito wake mwingi uko kwa mwendeshaji. Anayekopesha pikipiki kumi na tano kwa vijana kumi na tano asiyeuliza kama wana leseni, huyo anatembea nao kwa upole.

Sasa tufike kwa stima.

Kutoka 2022 mpaka leo mambo yamekimbia. BasiGo ilianza kujaribu mabasi ya stima Nairobi mwaka 2022. Aprili 2023 bei mpya za umeme ziliweka kiwango maalum cha magari ya stima, nusu bei saa za usiku. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaondolea pikipiki za stima VAT, mpango wa kitaifa ukazinduliwa Mombasa Septemba ileile, na Machi 2024 rasimu ya sera ya kitaifa ikatolewa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wetu, karibu asilimia 90, ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hoja ya mazingira ni nzito kweli. Kisha Mswada wa Fedha wa 2024 ukataka kurudisha VAT kwa pikipiki hizohizo. Mswada huo mnajua ulivyoisha Juni, wengi wenu mlikuwa barabarani. Lakini ona mwendo: mlango unafunguliwa kwa ushuru, mwaka unaofuata mtu anataka kuusukuma ufunge. Tumeyaona.

Kuna kitu kimoja kipya hapa, nacho ndicho kimenifanya niandike uzi. Nduthi ya petroli ukishamaliza mkopo ni yako, mafuta unanunua popote. Ya stima mara nyingi haiko hivyo. Betri hubaki mali ya kampuni, wewe unabadilisha iliyoisha kwa iliyojaa kwenye vituo vyao, na kwa kawaida betri ya kampuni hii haiingii pikipiki ya ile. Halafu chombo kina mtandao ndani. Kampuni inajua uko wapi, na inaweza kukizima ikiwa mbali.

Binamu yangu anaendesha moja ya hizo. Anaisifu: gharama ya siku imeshuka, kelele hakuna, mgongo umepona. Pia aliwahi kulala na abiria wa saa kumi na moja asubuhi amempoteza, kwa sababu malipo yalichelewa kwenye simu na nduthi ikagoma kuwaka. Hakuna polisi aliyehusika, hakuna hakimu. Nilimuuliza angelalamika wapi. Akaniambia kuna namba ya huduma kwa wateja.

Kwa hiyo mwenye chombo, yule mtu wa pili ambaye kwa miaka yote hakuonekana, sasa anaonekana vizuri kabisa. Ana ofisi, ana orodha ya kila pikipiki, ana data ya kila mwendo. Kwa mara ya kwanza serikali ikitaka kumwajibisha mmiliki haina haja ya kumtafuta.

Hapa ndipo watu hupenda kutupa mfano wa Paris, na karibu kila mara huutupa nusu. Ni kweli, Aprili 2023 wakazi wa Paris walipiga kura kuhusu skuta za stima za kukodi, zile za kusimama wima, na asilimia 89 wakazikataa. Kinachoachwa ni kwamba waliojitokeza hawakufika asilimia 8, na kwamba zilizoondolewa Septemba hiyo ni za kampuni tatu zenye kandarasi ya jiji, jumla kama 15,000. Mwenye skuta yake binafsi aliendelea. Na kabla ya kura, jiji lilikuwa limezilazimisha kampuni zipunguze mwendo zenyewe: skuta ikiingia eneo la watu wengi, inashuka hadi kilomita 10 kwa saa hata mpandaji akitaka nini. Jiji halikumkimbiza kijana na rungu. Lilimpigia simu mwenye programu.

Kigali ni karibu zaidi. Huko kutoka Januari 2025 pikipiki mpya ya biashara ya abiria lazima iwe ya stima. Mlango umefungwa na kufunguliwa kwa tarehe inayojulikana. Lakini hata kwao mzigo haukugawanywa sawa: Januari 2022 waendeshaji waligoma kwa sababu ya mita za kidijitali walizolazimishwa kutumia, wakisema makato yanawamaliza. Utaratibu mzuri bado unaweza kukaa juu ya mgongo uleule.

Kwetu teknolojia ya kupunguza mwendo mbele ya shule ipo tayari ndani ya pikipiki. Inatumika kudai deni. Hakuna kanuni ninayoiona ikilazimisha itumike kuokoa mguu wa mtu.

Wakija kaunti yako kukusanya maoni ya umma kuhusu boda au magari ya stima, mambo ya helmeti yatasemwa na wengine. Uliza haya. Kampuni inaweza kuzima chombo cha mtu kwa deni la siku ngapi, na kwa notisi gani? Betri zitaanza lini kuingiliana? Bima ya anayeendesha chombo cha kampuni inalipwa na nani? Na kile kipengele cha mshahara wa mwezi cha 2014, nani aliulizwa mara ya mwisho kwa nini hakitekelezwi?

Maswali weka hapo chini, bila majina. Uzi wa wiki ijayo ni wa maji: kwa nini mabomba yanapita mtaani kwenu na bado mnanunua kwa mkokoteni.